Kila Mtu Mbele ya Nyumba Yake: Namna ya Kujenga Umoja wa Chakula katika Haut-Katanga



Hapa Mwadingusha tunalala tukisikia maji. Mto Lufira unashuka kwenye maporomoko, unazungusha mitambo, na umeme unapita juu ya nyumba zetu kwenda mijini na migodini. Kituo hiki kilianza kazi mwaka 1930. Ni karibu miaka mia moja sasa sehemu hii inatoa nguvu kwa Katanga. Lakini ukienda sokoni mwezi wa pili, unga wa bukari unaoukuta mara nyingi umetoka ng'ambo ya mpaka, Zambia. Nguvu inaondoka, chakula kinaingia, na bei zote mbili zinapangwa mbali na sisi.

Kila mwaka tunaona jambo lilelile. Mama analima mahindi. Mwezi wa tano anayauza kwa mchuuzi aliyekuja na lori, kwa sababu deni la shule linamngoja na nyumbani hana mahali pa kuweka magunia salama. Mwezi wa pili mama huyohuyo yuko sokoni, ananunua unga kwa kopo, kwa bei iliyopanda. Ananunua tena jasho lake mwenyewe.

Tumelihubiri jambo hili, tumeliombea, na tumejaribu kulitengeneza peke yetu, tukashindwa. Ndiyo maana tunaandika. Katika makala hii tunataka kueleza kwa nini parokia moja, shirika moja au hata gavana mmoja hawezi kulitatua, na namna umoja wa jimbo zima unavyoweza kujengwa kuanzia chini.

Tumefikaje hapa

Njaa ya Katanga si ya jana, wala si kwa sababu watu wetu ni wavivu. Reli kutoka Rhodesia ilifika Élisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910. Iliingiza mashine na kutoa shaba, na iliingiza pia mahindi. Migodi ilihitaji vijana wenye nguvu, na vijana hao walitolewa mashambani. Mgodini walipewa posho ya unga. Union Minière ilifanya hivyo, na Gécamines ikaendelea baada yake. Baba zetu wengi walikua wakijua kwamba unga unatoka kampunini, kama mshahara. Gécamines ilipoanguka, posho ilikwisha, lakini mazoea ya kungoja unga kutoka mahali pengine yalibaki.

Wakuu wamejaribu kujibu. Wakati wa gavana Moïse Katumbi makampuni ya madini yalitakiwa kila moja kulima hektari 500 za mahindi. Mwaka 2023, bei ya unga ilipopanda sana, mahindi yaliletwa Lubumbashi kutoka mashamba ya Service National ya Kaniama-Kasese, katika jimbo la Haut-Lomami. Rais Tshisekedi naye amesema mara nyingi kwamba udongo lazima ulipize kisasi juu ya madini yaliyo chini yake. Hatudharau juhudi hizo. Lakini tazameni jambo moja: katika zote, mkulima mdogo wa Kambove, wa Kasenga au wa Pweto alikuwa mtazamaji. Amri ilitoka juu, mahindi yakatoka mbali, na yeye akaendelea kuuza mwezi wa tano na kununua mwezi wa pili.

Halafu ukaja mwaka 2024. Zambia ilipigwa na ukame mkali, hata Rais Hichilema akautangaza kuwa janga la taifa. Mwezi wa nane mwaka huohuo mpaka wa Zambia na nchi yetu ukafungwa kwa siku chache kwa sababu ya ugomvi wa biashara. Ugomvi wenyewe ulihusu bia na vinywaji baridi, wala haukuhusu mahindi. Lakini mpaka haubagui mizigo: ukifungwa, lori la unga nalo linasimama. Jimbo ambalo sahani yake iko mikononi mwa mpaka mmoja linalala na wasiwasi kila siku, hata siku ambayo mpaka uko wazi.

Umoja wa chakula ni nini?

Watu wengi wakisikia "kuimarisha chakula" wanafikiri juu ya jembe na mbegu tu. Lakini kati ya mbegu na sufuria kuna mikono mingi. Kuna anayetoa ardhi, anayetunza mbegu, anayelima, anayekausha, anayeweka ghalani, anayesaga, anayebeba kwenye barabara mbaya, anayeuza sokoni, na mama anayesonga bukari. Mkono mmoja ukikosa, kazi ya mingine yote inaharibika. Mavuno mazuri bila ghala ni chakula cha wadudu. Ghala zuri bila barabara ni jela ya mahindi. Na barabara nzuri, kama wakulima hawana kauli moja, inamleta tu mchuuzi kwa haraka zaidi.

Umoja tunaouzungumzia ni mapatano kati ya wale wanaoshika sehemu hizo mbalimbali: nani atafanya nini, lini, na nani atamuuliza asipofanya. Haukusudiwi kuwa shirika jipya lenye ofisi Lubumbashi na bango barabarani. Mashirika tunayo mengi. Tunachokosa ni mapatano kati yao.

Maandiko yanatupa mfano ulio wazi. Katika Nehemia sura ya 3 tunasoma orodha ndefu ya majina ambayo wahubiri wengi huiruka. Tusiiruke. Kuhani alijenga sehemu yake. Mfua dhahabu alijenga. Mtengeneza manukato alijenga. Wafanyabiashara walijenga. Shalumu alijenga pamoja na binti zake. Wengi walipewa sehemu iliyo mbele ya nyumba zao wenyewe. Nehemia hakuleta kampuni kutoka Susa. Aligawa ukuta kwa wenyeji, na kila mmoja akaanzia pale macho yake yanapofunguka asubuhi.

Orodha hiyohiyo inasema pia kwamba wakuu wa Tekoa walikataa kuinamisha shingo zao kwa kazi. Hili nalo linatufundisha: wakubwa wengine hawatakuja. Nehemia hakusimamisha kazi kuwangoja. Watu wa kawaida wa Tekoa walijenga sehemu yao, na baadaye wakajenga sehemu ya pili.

Nani wakae kwenye meza moja

Tuwataje mmoja mmoja, kwa sababu umoja ambao haujui watu wake ni maneno matupu.

Wa kwanza ni wakulima wenyewe, na kati yao akina mama kwanza. Wao ndio wanaopanda, wanaopalilia, wanaobeba kichwani, na wanaojua bei ya kila kopo. Kamati ya chakula ambayo mama yumo ili apike chai haijajua inachokitafuta.

Wa pili ni wavuvi wa ziwa Tshangalele. Ziwa hili lilitokea mto ulipozibwa kwa ajili ya umeme, na leo linalisha vijiji vingi pamoja na masoko ya Likasi. Bonde la Lufira limo katika orodha ya hifadhi za viumbe hai za UNESCO tangu mwaka 1982. Lakini maji yanayoingia ziwani yanapita kwanza karibu na viwanda na machimbo ya Likasi, kwa mito kama Panda na Buluo. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza utafiti ulioonyesha kwamba watu wanaokaa karibu na migodi na viwanda vya madini katika Katanga walikuwa na kobalti nyingi sana mwilini. Kwa hiyo mazungumzo ya chakula hapa kwetu hayawezi kuacha mazungumzo ya maji. Tukiongeza samaki na mboga bila kuuliza maji yametoka wapi, tutajaza sahani kwa kitu tusichokijua. Wavuvi wanajua mahali maji yanapobadilika rangi. Wakae mezani, na watu wa maabara wakae karibu nao.

Wa tatu ni mashefu wa vijiji na wa sheferi, kwa sababu ardhi iko mikononi mwao. Mkulima aliyepewa shamba kwa msimu mmoja hawezi kupanda miti wala kutia chokaa kwenye udongo. Udongo wetu mwingi ni mwekundu na wenye asidi. Unahitaji miaka ya kutunzwa, na hakuna anayetunza asichojua kama kitakuwa chake mwaka kesho.

Wa nne ni wachuuzi, wenye mashine za kusaga na wenye malori. Wengi wetu tumezoea kuwaita wezi. Wapo wanaodhulumu, ndiyo. Lakini mwenye lori aliyekwama siku nne kwenye matope naye ana hesabu yake, na hesabu hiyo inaingia kwenye bei ya unga. Tukimsikiliza tutajua daraja gani litengenezwe kwanza.

Wa tano ni watu wa elimu na wa Serikali: waangalizi wa kilimo wa teritwari, walimu na wanafunzi wa kilimo wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, na viongozi waliochaguliwa. Hapa lazima tuseme jambo ambalo wengi hawalijui. Nchi yetu tayari ina mlango wa kisheria kwa umoja wa namna hii. Mabaraza ya kilimo yanayoitwa CARG yalianzishwa katika teritwari ili wakulima, mashirika ya raia na Serikali wakae pamoja, na sheria ya kilimo ya tarehe 24 Desemba 2011 inataja baraza la ushauri katika jimbo na chini yake. Mahali pengi mabaraza haya yako kwenye karatasi tu. Basi tusivunje mlango wakati ufunguo upo. Tuulize: katika teritwari yetu, nani yumo? Walikutana lini mara ya mwisho?

Wa sita ni makampuni ya madini na ya umeme. Hatuwaiti kama wafadhili wa kupigiwa magoti. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inasema kwamba asilimia 15 ya ushuru wa madini ni ya sehemu za utawala wa chini, yaani miji, mitaa na sheferi ambamo madini yanachimbwa. Inasema pia kwamba kampuni itoe angalau asilimia 0.3 ya mapato yake ya mauzo kwa maendeleo ya wenyeji. Ghala, daraja, kisima na mashine ya kusaga ni maendeleo ya wenyeji. Lakini fedha hizi zinakwenda mahali ambapo wenyeji wamekwisha kukubaliana wanataka nini. Wasipokubaliana, wengine watakubaliana kwa niaba yao.

Kosa letu wenyewe

Sasa tuseme ukweli juu yetu, kwa sababu anayefundisha wengine kujenga lazima aonyeshe pia ukuta wake ulioanguka.

Miaka michache iliyopita tuliamua kufanya ghala la parokia. Tulikusanya mahindi ya kaya thelathini na mbili katika chumba kimoja nyuma ya kanisa, ili yangoje bei nzuri. Ufunguo ulikuwa mmoja, nao ulikaa kwetu sisi wachungaji. Hatukupima kama mahindi yamekauka. Hatukuandika gunia gani ni la nani. Tulisema, sisi ni ndugu, tunaaminiana. Tulipofungua mwezi wa kumi na moja, magunia yaliyokuwa chini, karibu na ukuta, yalikuwa na kuvu. Yalikuwa ya nani? Hakuna aliyeweza kusema.

Mjane mmoja alikuwa ameleta magunia manne, mavuno yake yote. Alirudi nyumbani na mawili. Hakutukana. Alituambia tu, "Wachungaji, ningeyauza kwa bei mbaya, angalau ningejua nimepoteza nini." Neno hilo lilituuma kuliko matusi. Kwa misimu miwili tulitoa sehemu ya sadaka ili kuwarudishia waliopoteza. Lakini mahindi yanarudishwa upesi kuliko imani. Mwaka uliofuata mama yule alileta gunia moja. Moja tu. Tulilipima mbele yake, tukaandika jina lake juu yake, na hapo ndipo ghala letu lilianza kweli.

Tulifungua tena Matendo ya Mitume sura ya 6, mahali wajane wa Kiyunani walipokuwa wakisahauliwa katika mgawo wa kila siku. Mitume hawakuwaambia wanung'unikaji waombe zaidi. Walibadilisha utaratibu. Walichaguliwa watu saba wenye sifa njema, na majina yao yote ni ya Kiyunani, yaani inaonekana kazi ilikabidhiwa kwa upande ule uliokuwa unaumia. Upendo ndani ya kanisa hauondoi haja ya daftari. Daftari ni njia mojawapo ya kupendana.

Leo ghala letu dogo lina kufuli tatu na watu watatu wenye funguo, wawili wao akina mama. Magunia yanakaa juu ya mbao, mbali na ukuta. Kabla ya kupokea, tunafanya jaribio la chupa: tunaweka mahindi na chumvi iliyokauka vizuri ndani ya chupa kavu, tunatikisa, tunangoja kidogo. Chumvi ikishika kwenye kioo, mahindi bado yana maji, yarudi juani. Mwenye uwezo ananunua mifuko ya tabaka tatu inayofungwa kabisa, ambamo wadudu wanakosa hewa na kufa bila dawa. Ni mambo madogo, lakini yakikosekana hata mkutano mkubwa wa jimbo hautamsaidia mama yule.

Wengine walipitia njia gani

Hatuanzi sisi. Huko Tanzania, mwaka 1993, wakulima wadogo waliokutana Morogoro, wakisaidiwa na walimu wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, walianzisha mtandao wa vikundi unaoitwa MVIWATA. Hawakuanza na jengo. Walianza kwa kutembeleana, kikundi cha kijiji kimoja kwenda kuona kikundi cha kijiji kingine wanafanyaje. Kutoka vikundi wakajenga mitandao ya mahali, kisha ya mikoa, kisha ya nchi. Baadaye masoko ya mazao yalijengwa, kama lile la Nyandira kwenye milima ya Uluguru, ili mkulima akutane na mnunuzi mahali penye mizani. Kauli yao ni kwamba mtetezi wa mkulima ni mkulima mwenyewe. Nchi hiyohiyo ina sheria ya stakabadhi za ghala tangu mwaka 2005: mkulima anaweka mazao ghalani, anapewa hati, na hati hiyo inaweza kumsaidia kupata mkopo wakati mazao yakingoja bei. Fikirini jambo hilo kwa mama wetu wa mwezi wa tano. Shule ingelipwa, na mahindi yangebaki yake.

Karibu zaidi, katika Kivu ya Kaskazini, akina mama wakulima walijiunga katika umoja wa LOFEPACO, wenye makao Butembo, katika eneo ambalo vita haikuwaacha wapumue. Kama mama wa Butembo ameweza kushika umoja katikati ya risasi, sisi wa Likasi, Kambove na Mwadingusha tutasema nini?

Hatua kutoka parokia hadi jimbo

Tunapendekeza njia hii. Tunaijaribu sisi pia, na hatujafika mbali.

1. Anzeni kwa kuhesabu. Kila parokia au kikundi kiandike: kaya ngapi zinalima, magunia mangapi yanauzwa kabla ya mwezi wa saba, unga unanunuliwa kutoka wapi mwezi wa kwanza hadi wa tatu, maghala na mashine za kusaga ziko wapi, daraja gani limevunjika. Kazi hii vijana wanaweza kuifanya kwa majuma mawili. Umoja bila hesabu unaishia kwenye hotuba.

2. Chagueni jambo moja la kwanza. Sisi tulichagua ghala. Wengine watachagua mbegu, au daraja, au maharage kwa watoto. Jambo moja lililofanyika linaita watu kuliko mambo kumi yaliyopangwa.

3. Tembeleaneni kabla ya kuandika kanuni. Wakulima wa Mwadingusha waende kuona wa Kasenga wanavyokausha samaki. Wa Kasenga waje kuona mboga za kiangazi, wakati tunaouita kipwa, kando ya ziwa. Watu waliokula pamoja hawagombani upesi juu ya maneno ya kanuni.

4. Jiungeni kwa teritwari. Vikundi vichague wajumbe, nusu yao akina mama, waingie katika CARG au waombe iamshwe. Kila mjumbe arudi kutoa ripoti mbele ya waliomtuma. Asiyerudi abadilishwe.

5. Ndipo mwende jimboni. Kwenye meza ya jimbo yapelekwe mambo ambayo teritwari haiwezi peke yake: barabara za mashamba, mbolea kufika kabla ya mvula za mwezi wa kumi na moja, vizuizi vya barabarani vinavyokula faida ya mkulima, ulinzi wa maji, na kununua kwanza mazao ya hapa kwa ajili ya shule, hospitali na vyakula vya wafanyakazi wa migodi. Hili la mwisho ni kubwa. Kampuni inayolisha watu mia kila siku ni soko la uhakika. Wakulima wakiweza kuahidi kiasi na ubora kwa pamoja, hawatangoja lori la mchuuzi.

6. Fedha zionekane. Hesabu zisomwe hadharani kila miezi mitatu, kwa lugha ambayo wote wanaisikia. Kifaransa cha ripoti kimeficha mengi.

Onyo la Yosefu

Tunapohubiri juu ya ghala, wengi wetu tunakimbilia Mwanzo sura ya 41: Yosefu aliyeweka akiba miaka saba. Ni somo jema. Lakini endeleeni hadi sura ya 47. Njaa ilipozidi, watu walimpa Farao fedha zao kwa ajili ya nafaka, kisha mifugo, kisha mashamba, na mwisho wakajitoa wenyewe kuwa watumwa. Ghala liliokoa maisha yao, lakini kwa sababu ufunguo ulikuwa mkononi mwa mmoja, lilichukua pia uhuru wao.

Nehemia naye alikutana na jambo hilo. Ukuta ukiwa bado haujakwisha, katika sura ya 5, watu walilia kwamba wameweka rehani mashamba na nyumba zao ili wapate nafaka, na waliowadai walikuwa ndugu zao. Nehemia aliacha kwanza habari ya ukuta, akawaita wakuu, akadai warudishe mashamba. Alijua kwamba ukuta hauwezi kusimama juu ya njaa ya wajenzi.

Kwa hiyo swali la kuuliza juu ya kila mradi wa chakula unaokuja jimboni kwetu, uwe wa Serikali, wa kampuni, wa wageni au wa kanisa, ni hili: ufunguo utakaa kwa nani? Jibu likiwa si kwa wanaolima, tuwe waangalifu, hata kama mahindi ni mengi.

Sehemu ya kanisa

Kanisa lina kitu ambacho wengine hawana. Kila Jumapili tunakutana, hata mahali ambapo gari la Serikali halifiki. Kanisa la Kristo katika Congo linakusanya jumuiya nyingi chini ya jina moja, kwa hiyo sisi Waprotestanti tuna mazoezi ya kukaa pamoja bila kufanana. Tuna ndugu Wakatoliki, Wakimbangu na Waislamu wanaokula bukari ileile. Tuna pia mashamba ya misheni, mengine yamelala bila kulimwa huku vijana wetu wakienda kuchimba kwenye mashimo. Hayo ni mbele ya nyumba yetu. Tusiende Lubumbashi kudai mashamba ya wengine kabla ya kufungua ya kwetu.

Lakini tusijifanye wenye umoja. Tukishika ufunguo peke yetu tena, tutaharibu tena. Kazi yetu ni kufungua mlango wa chumba, kuwaita watu, kuomba mwanzo na mwisho, na katikati kukaa kwenye benchi kama wengine.

Tunaomba kila parokia inayosoma haya ijadiliane maswali matatu Jumapili ijayo baada ya ibada. Unga tuliokula juma hili ulitoka wapi? Mama gani katikati yetu aliuza mwezi wa tano anachonunua sasa? Na ni sehemu gani ya ukuta iliyo mbele ya nyumba yetu?

Bwana aliyeangalia mikate mitano ya mtoto mmoja bila kuidharau atuhurumie, atupe kuanza na kilicho mikononi mwetu, na kukipitisha mkononi mwa wote hadi wa mwisho ashibe.

Amina.